Mitambo ya jukwaa la kale yafundishwa na vielelezo vidogo

Karibu na Stockholm, mji mkuu wa Sweden, lipo jukwaa la maigizo la karne ya 18 ambalo hadi leo huendeshwa kwa kamba, mbao na nguvu za mikono. Kwa anayetaka kuielewa mitambo yake bila kuichakaza, njia mojawapo ni kuunda kielelezo kidogo kinachofanya kazi.

Kazi hiyo yaweza kufanyika juu ya meza ya kawaida, hata katika kitongoji kama Hagsätra, kusini mwa jiji, ambako treni ya chini ya ardhi ilifika mwaka 1960. Treni ya kutoka huko hulikatiza jiji hadi Brommaplan, upande wa magharibi, na kutoka hapo basi humfikisha msafiri kwenye kasri la kifalme la Drottningholm. Hivyo fundi aweza kukilinganisha kielelezo chake na jukwaa lenyewe.

Jumba la kwanza la maigizo la Drottningholm liliteketea kwa moto mwaka 1762. Jipya, lililosanifiwa na Carl Fredrik Adelcrantz, lilifunguliwa mwaka 1766, na mitambo yake ikaundwa na Mtaliana Donato Stopani. Mfalme Gustav wa Tatu, aliyependa mno opera, alilistawisha. Baada ya kuuawa kwake mwaka 1792, jumba hilo lilisahauliwa, na kwa muda mrefu likatumika kama ghala. Mwaka 1921 mtafiti Agne Beijer aliingia humo akitafuta mchoro mmoja tu, akakuta jukwaa, mandhari zilizochorwa na mitambo vyote vimesalia. Mwaka uliofuata, baada ya kamba kubadilishwa, watazamaji walikaribishwa tena.

Je, mitambo hiyo hufanyaje kazi? Pande zote mbili za jukwaa zimesimama fremu zilizowambwa turubai na kuchorwa. Kila fremu hubebwa na kigari kilicho chini ya sakafu, na vigari vyote vimefungwa kwa kamba kwenye mhimili mmoja mkubwa. Watu wakiuzungusha, fremu za msitu hurudi nyuma na za kasri hujitokeza, zote kwa pamoja, mbele ya macho ya watazamaji. Utaratibu huo ulikamilishwa na Giacomo Torelli mjini Venice katika miaka ya 1640. Mawimbi ya bahari ni magogo yaliyochongwa mfano wa parafujo, yakizungushwa polepole. Radi ni sanduku la mawe linaloinamishwa juu ya dari.

Mchoro huonyesha mahali pa kila kapi, lakini hauonyeshi kosa. Kielelezo huonyesha. Kamba moja ikizungushiwa mhimili kinyume, fremu yake hutoka wakati wenzake wanaingia. Iliyolegea huchelewa. Fundi hugundua pia kwamba mitambo haitoshi bila watu wanaovuta kwa pamoja, kama mabaharia wa jahazi wanapovuta henza kupandisha tanga.

Hata hivyo, udogo nao hudanganya. Mwaka 1638 Nicola Sabbatini alichapisha kitabu kuhusu mitambo ya jukwaa. Mwaka huo huo Galileo alieleza kwa nini mtambo unaofaulu ukiwa mdogo waweza kushindwa ukikuzwa. Kielelezo cha kipimo cha 1 kwa 20 kikikuzwa kufikia ukubwa halisi, unene wa kamba ukipimwa kwa eneo lake huongezeka mara 400, lakini uzito huongezeka mara 8,000. Kwa hiyo uzi unaobeba wingu la kielelezo bila taabu haumhakikishii mtu usalama wa mwimbaji aliyeketi juu ya wingu halisi.

Jukwaa la Drottningholm, lililoingizwa pamoja na kasri lake katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 1991, haliwezi kufunguliwa na kufungwa kila mwanafunzi anapotaka kujaribu. Hata mwongozaji Ingmar Bergman, katika filamu yake ya opera ya Mozart ya mwaka 1975, alilazimika kulijenga upya jukwaa hilo studioni, kwa kuwa jumba lenyewe lilionekana dhaifu mno kustahimili vifaa vya kupigia picha. Mbao huoza na moto huteketeza, kama ilivyotokea mwaka 1762. Ujuzi wa mtambo hubaki pale tu palipo na mikono inayojua kuufunga tena, na mikono hiyo yaweza kuanza kujifunza kwa uzi na vijiti.