Upelelezi wa Makosa ya Kujamiiana: Anachofundishwa Askari na Anachopaswa Kujua Mwananchi

Mtoto wa Ugweno, katika Milima ya Upare wilayani Mwanga, anapofanyiwa ukatili wa kingono, hatima ya shauri lake hutegemea sana askari wa kwanza anayemsikiliza. Ndiyo maana askari wa Madawati ya Jinsia na Watoto hupewa mafunzo mahsusi ya upelelezi wa makosa hayo.

Sheria ya Makosa ya Kujamiiana Na. 4 ya mwaka 1998, iliyorekebisha Kanuni ya Adhabu, iliweka kifungo kisichopungua miaka 30 kwa kosa la kubaka, na kifungo cha maisha endapo mtoto ana umri chini ya miaka 10. Kwa uzito huo, mahakama hudai uthibitisho kamili. Umri wa mtoto, kwa mfano, huthibitishwa kwa cheti cha kuzaliwa, mzazi au daktari. Yapo mashauri yaliyoanguka katika rufaa kwa sababu umri haukuthibitishwa.

Somo gumu zaidi ni mahojiano. Mwaka 2006, katika shauri la Selemani Makumba dhidi ya Jamhuri, Mahakama ya Rufani ilisisitiza kwamba ushahidi wa kweli wa kubakwa hutoka kwa mwathirika mwenyewe. Fomu ya Polisi Na. 3, maarufu PF3, huusaidia tu ushahidi huo. Kwa hiyo askari huandika maneno ya mtoto kama alivyoyatamka, yawe ya Kigweno au ya staha kama "alinifanyia tabia mbaya", ambayo mahakama imekwisha kuyakubali. Akiyageuza kuwa lugha ya kisheria, maelezo ya kituoni hutofautiana na ushahidi wa kizimbani, na wakili wa utetezi hataiacha nafasi hiyo.

Vielelezo navyo haviwezi kungoja. Wazazi wengi, kwa uchungu au aibu, humwogesha mtoto na kufua nguo zake. Nguo zisifuliwe, zifungwe katika karatasi, kwa kuwa unyevu ndani ya plastiki huharibu vinasaba. Kila anayezipokea husaini, hadi zifike kwa Mkemia Mkuu wa Serikali. Hospitalini, dawa za kuzuia maambukizi ya VVU hutolewa ndani ya saa 72.

Familia zinazomalizana nyumbani zifahamu kuwa mlalamikaji mahakamani ni Jamhuri, na malipo ya fidia hayafuti kosa. Taarifa hupokelewa katika kituo chochote cha Polisi, au bila malipo kwa namba 116 ya huduma kwa mtoto.