Ardhi Yetu na Njia Kuu

Twaona vema kukumbusha habari za ardhi itwaliwayo kwa njia kuu, maana ile itokayo Kibwezi kupitia Mutomo hata Kitui imepita katika mashamba ya watu.

Sheria ya 1915 iliitia ardhi ya wenyeji katika mali ya Mfalme wa Uingereza, na mwaka 1921 Mahakama Kuu ikaamua kuwa wao ni wapangaji tu. Sheria ya 1968 ilitaka tangazo, baraza la madai, na fidia pamoja na asilimia 15 ya usumbufu. Katiba ya 2010, kifungu cha 40, yaagiza malipo kamili, ya haki, tena ya upesi. Kazi hiyo yafanywa na Tume ya Taifa ya Ardhi.

Lakini fidia humfuata mwenye hati. Hati ikiwa kwa jina la babu marehemu, wajukuu hungoja mahakama ithibitishe urithi, na huku tingatinga li mpakani. Basi twawasihi: malizeni mambo ya urithi mapema, na siku ya baraza asikose mtu.