Utando Uliovikwa Platini

Mwaka 1835 mkemia Mjerumani Justus von Liebig alionyesha jinsi ya kuvika kioo tabaka la fedha kwa kemia tupu, bila umeme. Fundi wa vioo hutaka tabaka lisilo na kitundu hata kimoja, maana kitundu ni doa usoni mwa mteja. Zaidi ya karne moja baadaye, huko Schenectady, New York, wakemia wawili wa General Electric walihitaji kinyume chake: metali iliyojaa vitundu.

Mwaka 1955 mmoja wao, Thomas Grubb, alitengeneza seli ya fueli, yaani kifaa kinachozalisha umeme kutokana na haidrojeni na oksijeni, ambayo moyo wake ulikuwa utando wa plastiki. Utando huo huruhusu protoni za haidrojeni zipite, ila elektroni huzizuia. Ili seli ifanye kazi, utando ulihitaji kuvikwa platini, metali inayochochea mmenyuko. Kijiko huchovywa dhahabu kwa umeme kwa sababu chenyewe ni metali. Utando hauwezi kuchovywa hivyo.

Miaka mitatu baadaye mwenzake, Leonard Niedrach, akapata njia ya kuuvika platini. Platini ya pete hung'aa, lakini ikisagika kuwa chembe ndogo mno huwa nyeusi kama masizi. Weusi huo ndio uliotakiwa. Kila chembe ilipaswa kugusa vitu vitatu kwa pamoja: gesi inayopenya vitunduni, utando unaopokea protoni, na chembe jirani inayobeba elektroni. Tabaka likiziba kabisa, gesi haifiki. Chembe zikiachana, umeme hauna pa kupita. Ufundi wote, na ni ufundi wa kuheshimiwa, ulikuwa katika kipimo hicho.

Agosti 1965 seli hizo zikaruka na chombo cha anga cha Gemini 5. Muda mfupi baada ya kupaa, kipasha joto cha tangi la oksijeni kiliharibika na shinikizo likaporomoka. Wanaanga Gordon Cooper na Pete Conrad wakazima karibu kila kitu. Seli hazikufa, zilivuta gesi kwa shinikizo dogo zikaendelea kutoa umeme, na safari ikatimiza karibu siku 8.

Kilichobaki kilikuwa gharama. Hata baada ya platini kupunguzwa, kila sentimita ya mraba ya utando ilikuwa ikila takriban miligramu 4. Katika miaka ya 1980 watafiti wa maabara ya Los Alamos walilowesha tabaka la platini kwa plastiki ileile ya utando, ili protoni zizifikie hata chembe zilizojificha ndani. Miligramu 0.4 zikatosha.