Kioo cha Mbali na Njia ya Siri

Hamu ya mtu kukaa mahali pamoja na kuitumia kompyuta iliyo pengine ni kongwe kuliko intaneti yenyewe, kwani hata ujumbe wa kwanza uliopitishwa katika mtandao wa ARPANET, tarehe 29 Oktoba 1969, kutoka Chuo Kikuu cha California kilichopo Los Angeles kwenda Taasisi ya Utafiti ya Stanford, haukuwa salamu wala taarifa, bali jaribio la kuingia katika mashine ya mbali. Wataalamu wa zama hizo walikuwa wachache, na amana baina yao ndiyo iliyokuwa kinga yao. Kwa hiyo, katika Telnet, itifaki ya kale ya kuingia katika mashine ya mbali, neno la siri la mtumiaji lilisafiri wazi, herufi kwa herufi, bila ya kufumbwa.

Dhara ilidhihiri baadaye. Mwaka 1995 mtandao wa Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Helsinki, nchini Ufini, ulivamiwa na watu walionasa maneno ya siri yaliyokuwa yakipita humo, na mtafiti wa chuo hicho, Tatu Ylönen, asiridhike na kulalamika, akaketi akatunga itifaki ya SSH, ambayo hukifumba kila kipitacho baina ya mashine mbili. Akaiombea lango nambari 22, lililokuwa tupu kati ya 21 la FTP na 23 la Telnet, zile njia za kale alizokusudia kuziondoa, naye akapewa. Julai mwaka huo akaigawa bure.

Miaka mitatu baadaye, mjini Cambridge, Uingereza, maabara ya Olivetti na Oracle ikautolea ulimwengu VNC, nayo bure vilevile. Hekima yake ilikuwa katika wepesi: seva hutuma mistatili ya picha ya skrini, naye mtumiaji hurudisha mibofyo ya kibodi na mienendo ya kipanya, basi, hivyo hata mashine dhaifu iliweza kuonyesha kazi ya mashine kubwa. Neno la siri halikupelekwa wazi, maana seva ilitoa fumbo na mgeni akalijibu kwa neno lake, lakini herufi 8 za mwanzo tu ndizo zilizohesabiwa, na mgeni akisha kukubaliwa, picha zote na kila herufi aliyoibofya vilipita kama barua isiyo na bahasha.

Siwalaumu waasisi wake, kwani chombo chao kilizaliwa ndani ya maabara, miongoni mwa watu waaminifu. Ila nawasifu zaidi wale walioamua kuipitisha VNC ndani ya SSH: huiamuru SSH isikilize lango 5901 la kompyuta ya mtumiaji, ikifumbe kiingiacho hapo, ikipitishe katika lango 22, kisha ikikabidhi kwa lango 5901 la seva, ambapo VNC husubiri. Seva nayo huzuiwa isipokee mgeni ila atokaye ndani ya mashine yenyewe, na sharti hili, ambalo aghalabu husahauliwa, ndilo zito kuliko yote, maana handaki hilo la SSH halimfai mtu ikiwa 5901 ya seva bado inaitikia kila abishaye hodi. Wapo waliochelea kwamba kufumba kungewacheleweshea kazi, ilhali SSH yaweza pia kuibana data kabla ya kuituma, na katika laini za simu za wakati ule njia ya siri iliweza hata kuitangulia ile ya wazi.