Kuandaa mashua ya tanga kabla ya kuvuka kwenda Mafia

Upepo wa kusi unapoanza kulegea, kuelekea Oktoba, mabaharia wa delta ya Rufiji, wilayani Kibiti, huandaa vyombo vyao kwa safari ndefu. Ndani ya mito ya mikoko maji ni tulivu, na mashua inayovuja kidogo huweza kufika. Katika mkondo wa Mafia, mawimbi hutikisa mbao na ufa mdogo hugeuka hatari.

Kuhesabu mwezi

Bamvua huja wakati wa mwezi mwandamo na mwezi mpevu. Maji yakijaa, mashua hupandishwa mchangani. Yakipwa, hubaki kavu. Ikipandishwa siku ya kilele, huenda isielee tena hadi bamvua ifuatayo, takriban wiki 2 baadaye. Kwa kazi ndogo, hupandishwa siku 1 au 2 kabla ya kilele, ili maji yanayoendelea kuongezeka yaifikie.

Mbao

Kwanza hukwanguliwa mwani na chaza. Kisha ubavu wa chini hupitishiwa moto wa makuti ili kuua wadudu wanaotoboa mbao. Baada ya hapo fundi hutia kalafati, yaani pamba iliyolowekwa mafuta, katika maungio ya mbao. Moto ukija baadaye utaiunguza pamba hiyo. Mwisho hupakwa deheni, mchanganyiko wa mafuta na chokaa.

Taruma lililooza hubadilishwa. Anayetaka mti wa mkoko kwa kazi hiyo anahitaji kibali, kwa kuwa mikoko ya delta ni msitu wa hifadhi.

Tanga na kamba

Tanga hutandazwa na kushonwa palipochanika. Henza, kamba inayopandisha foromali, hukaguliwa yote: ikikatika, foromali huwaangukia waliomo. Upondo, makafi, nanga, ndoo ya kutekea maji na maboya ya kuokolea huwekwa karibu.

Jaribio la mwisho

Mbao zilizokauka juani husinyaa, hivyo mashua huvuja mwanzoni. Zikinywa maji hufura na kubana. Iache ielee usiku mmoja karibu na pwani. Ikiwa maji bado yanaingia kwa kasi ileile, kalafati irudiwe.

Kabla ya kutweka tanga, sikiliza utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania (TMA). Ikitoa tahadhari ya upepo mkali na mawimbi makubwa, ahirisha safari, hata kama chombo kiko tayari.