UZI: Kabla ya kuuliza nani yuko hatarini, uliza nani alimweka hapo

Kila tukijadili afya humu, orodha ni ile ile: wazee, wenye kisukari, wenye presha, wenye pumu. Orodha hiyo si ya uongo, lakini haijakamilika. Wacha nieleze kwa nini.

1/ Machi 2020 nilikuwa fomu tatu. Shule zilifungwa, nikarudi ploti yetu Eastlands. Mama yangu ni mama fua. Hakuwa mzee wala mgonjwa. Ndani ya wiki mbili, nyumba zote nne alizokuwa akifulia zilimwambia asije, eti atawaletea virusi.

2/ Kwenye foleni ya maji watu walibishana nani atafa kwanza. Hakuna aliyetaja kisukari. Mmoja alisema ni anayelipa kodi kwa kibarua cha siku. Mwingine: anayenunua maji kwa mtungi, halafu anaambiwa anawe mikono kila saa. Mzee wa ploti akasema, "Ni yule akizidiwa usiku, hana gari na kafyu imeanza."

3/ Wengine waliogopa karantini kuliko ugonjwa wenyewe, maana mwanzoni waliowekwa huko walidaiwa gharama. Sasa ukiwa na homa na huna pesa, utajitokeza kupimwa? Utanyamaza. Hapo ndipo umaskini unageuka kuwa hatari kwa kila mtu.

4/ Turudi nyuma. Nairobi ilianza 1899 kama kambi ya reli, kwenye ardhi ya kinamasi. Mwaka 1902 tauni ilizuka kwenye soko la Wahindi, mahali palipojaa watu na mitaro ikiwa mibovu. Jibu la wakoloni? Soko lilichomwa moto. Miaka kama kumi baadaye akaletwa mtaalamu, Profesa Simpson, na pendekezo lake likawa kutenganisha makazi kwa rangi. Yaani ugonjwa uliotokana na mitaro ukageuzwa kuwa kosa la watu.

5/ Mafua ya 1918 yaliingia kupitia Mombasa na kusambaa na reli. Yalikuta watu tayari wamechoka. Wanaume wengi walikuwa wamechukuliwa kubeba mizigo ya jeshi kwenye vita vya Waingereza na Wajerumani, na waliokufa huko wengi waliuawa na maradhi, si risasi. Jina la Kariokor limetokana na kikosi hicho. Mvua nayo ikakosa, njaa ikaingia. Virusi vilikuwa vipya. Udhaifu wa watu ulikuwa umeshatengenezwa.

6/ Mwaka 1921 ikaja Sheria ya Afya ya Umma. Mnaijua? Ndiyo hiyo hiyo, ikiwa imerekebishwa hapa na pale, iliyotumika 2020 kufunga mipaka ya Nairobi, Mombasa, Kilifi na Kwale.

7/ Mei 2020, Eastleigh na Mji wa Kale Mombasa zilifungwa. Mwezi huo huo nyumba za maelfu ya watu zilibomolewa Kariobangi, wakati nchi nzima inaambiwa ikae nyumbani. Nyumba gani sasa?

8/ Najua mtaniambia korona haikuchagua, hata matajiri walikufa. Ni kweli. Na Eastleigh maambukizi yalikuwa yakipanda, kwa hivyo sisemi serikali ingekaa tu ikitazama. Ninachosema ni kwamba umri na ugonjwa hueleza nani atazidiwa akishaambukizwa. Haielezi nani hawezi kujikinga, nani anaogopa kupimwa, na nani analala njaa kwa sababu ya amri yenyewe.

9/ Kwa hivyo mwanasiasa yeyote, wa upande wowote, akisema "tutawalinda walio hatarini", msimpigie makofi kwanza. Muulizeni: maji yatatoka wapi na kwa bei gani? Anayekula kwa kibarua atalipwa nini siku za kufungiwa? Karantini italipiwa na nani? Kafyu ikianza, mgonjwa atafikaje hospitali? Akijibu kwa kuwataja wazee na wenye kisukari pekee, ujue hajawahi kusimama foleni ya maji.

10/ Mama alirudi kufua Septemba mwaka ule. Kati ya zile nyumba nne, moja tu ilimwita tena. Kodi ya miezi ile alimaliza kuilipa mwaka uliofuata.

Kwenu mlisema nani yuko hatarini 2020? Andikeni hapa chini. Nasoma yote.