Filamu "Rafiki" na filamu ya Panzi: nani anaamua mwisho wa hadithi ya mwanamke?

Siku ya Ijumaa, tarehe 21 mwezi wa tisa 2018, jaji Wilfrida Okwany wa Mahakama Kuu ya Nairobi alitoa ruhusa isiyo ya kawaida. Filamu moja ya Kenya iliyokuwa imepigwa marufuku ingeonyeshwa kwa siku 7 tu, tena kwa watu wazima peke yao. Jumapili iliyofuata watu walipanga mstari mbele ya sinema mjini Nairobi na tiketi zikaisha. Wiki ilipomalizika, marufuku ikarudi.

Filamu hiyo inaitwa Rafiki. Aliyeitengeneza ni Wanuri Kahiu, mwanamke wa Nairobi. Inasimulia wasichana wawili, Kena na Ziki, wanaopendana.

Kisiwani Idjwi hakuna jumba la sinema. Filamu hufika kwenye simu, ikipita mkono kwa mkono, au mtu aliyeiona Bukavu au Goma anarudi na mashua na kuwasimulia wengine. Hata hivyo habari ya Rafiki inagusa hapa. Miaka 3 kabla yake, filamu nyingine iliyopigwa ng'ambo ya ziwa, mjini Bukavu, ilikatazwa pia na wakubwa. Ilikuwa filamu ya namna nyingine na ilikatazwa kwa sababu nyingine. Lakini ukizichunguza zote mbili, ugomvi ulikuwa mmoja: mwanamke akisimulia maisha yake, nani ana haki ya kumrekebisha maneno?

Hadithi ilianzia Kampala

Rafiki haikuanza kama filamu. Mwaka 2007 mwandishi wa Uganda, Monica Arac de Nyeko, alishinda tuzo ya Caine, inayotolewa kila mwaka kwa hadithi fupi ya mwandishi wa Afrika. Alikuwa Mganda wa kwanza kuipata. Hadithi yake, "Jambula Tree", imeandikwa kama barua. Msichana Anyango anamwandikia mwenzake Sanyu, aliyepelekwa London baada ya watu wa mtaa kugundua kwamba wanapendana. Mtaa wenyewe ni nyumba za Nakawa, mjini Kampala, ambako majirani wanajua kila kitu na mdomo wa jirani unaweza kumfukuza mtu kwao.

Kahiu aliichukua hadithi hiyo akaihamishia Nairobi. Kena na Ziki ni watoto wa wanaume wawili wanaoshindana katika uchaguzi wa mtaa. Kena anamsaidia baba yake dukani. Ziki anasuka nywele za rangi na anataka kuiona dunia. Wanaahidiana kwamba hawataishi maisha ambayo wengine wamewapangia. Watu wanapogundua, umati unawapiga. Kisha wazazi wa Ziki wanampeleka London.

Jina la filamu lina maana yake. Kahiu alieleza kwamba watu wa namna hiyo, wanapotaka kumtambulisha mwenzao mbele ya wengine, mara nyingi hawawezi kusema mpenzi. Wanasema rafiki. Ni neno ambalo kila mtoto wa Idjwi analijua, na ndani yake wanawake hao wanaficha maisha mazima.

Filamu kama hii huitwa filamu huru. Haitoki kwa kampuni kubwa wala kwa serikali. Mtengenezaji anazunguka mwenyewe kutafuta pesa. Kwa Rafiki kazi hiyo ilichukua miaka, na fedha zilitoka Afrika Kusini na katika nchi kadhaa za Ulaya. Wapinzani walilishika jambo hilo: wakasema ni mambo ya wazungu yaliyolipiwa na wazungu. Lakini mwenye hadithi ni Mganda, mwenye filamu ni Mkenya, na waigizaji wake wakuu, Samantha Mugatsia na Sheila Munyiva, ni wasichana wa Kenya.

Walitaka mwisho ubadilishwe

Rafiki haikuwa ya kwanza kukatazwa. Mwaka 2014 kundi la wasanii wa Nairobi liitwalo Nest lilitengeneza Stories of Our Lives, filamu ya picha nyeusi na nyeupe yenye hadithi fupi 5. Walikuwa wamekusanya ushuhuda wa Wakenya wanaopenda watu wa jinsia yao, bila kutaja majina yao, kisha wakaugeuza kuwa michezo. Hadithi mojawapo inahusu wasichana wawili wa shule. Hata watengenezaji walificha majina yao mwanzoni kwa kuogopa. Filamu ilionyeshwa Toronto, Canada, lakini ikapigwa marufuku Kenya. Mmoja wao, George Gachara, alikamatwa kwa madai ya kupiga filamu bila kibali. Baadaye mashtaka yaliondolewa.

Kahiu alijua hayo yote. Mwezi wa nne 2018 Bodi ya Filamu ya Kenya, iliyoongozwa na Ezekiel Mutua, iliikataza Rafiki. Ilisema filamu ina nia ya kueneza mapenzi ya wanawake kwa wanawake, kinyume cha sheria na mila za nchi. Sheria ya makosa ya jinai ya Kenya, iliyotoka kwa wakoloni Waingereza, inaadhibu matendo ya jinsia moja, na mwezi wa tano 2019 Mahakama Kuu iliviacha vifungu hivyo vibaki.

Lakini Kahiu alitoa habari moja iliyowashangaza wengi. Bodi ilikuwa imemwomba abadilishe mwisho. Kwa maneno yake, mwisho ulionekana kuwa na matumaini kupita kiasi. Katika sehemu ya mwisho, muda umepita na Ziki amerudi. Kena anasikia sauti yake nyuma, na mkono unamgusa begani. Basi. Hakuna harusi wala ushindi. Kahiu alikataa kuugeuza.

Hapo ndipo moyo wa jambo. Msichana kupigwa na umati katika filamu hakukuwa shida kubwa. Shida ilikuwa kwamba baada ya kupigwa hakujuta. Hadithi ingekubalika zaidi kama ingeishia kwa toba au kwa machozi.

Mwezi wa tano 2018 Rafiki ikawa filamu ya kwanza ya Kenya kuchaguliwa kwenye tamasha la Cannes, Ufaransa. Nyumbani ilibaki marufuku. Kahiu alikwenda mahakamani, kwa sababu filamu inayotaka kupendekezwa kwa tuzo ya Oscar lazima kwanza ionyeshwe katika nchi yake kwa siku 7 mfululizo. Jaji Okwany alisema haamini kwamba jamii ya Kenya ni dhaifu kiasi cha kutikisika kwa sababu ya filamu moja. Mwishowe Kenya ilituma filamu nyingine, Supa Modo. Kesi kubwa ya kuondoa marufuku kabisa ilishindwa Mahakama Kuu mwezi wa nne 2020. Hata hivyo, mwaka 2019 kule Ouagadougou, Burkina Faso, kwenye tamasha la FESPACO, Samantha Mugatsia alipewa tuzo ya mwigizaji bora mwanamke.

Bukavu: ugomvi wa tafsiri

Sasa turudi kwenye ziwa letu. Mwaka 2015 Thierry Michel na mwandishi wa habari Colette Braeckman, wote Wabelgiji, walitoa filamu ya Daktari Denis Mukwege wa hospitali ya Panzi. Inaitwa kwa Kifaransa L'homme qui répare les femmes, yaani mwanaume anayewatengeneza wanawake. Ndani yake wanawake wa Kivu ya Kusini wanaeleza wenyewe waliyofanyiwa wakati wa vita.

Mwezi wa tisa mwaka huo serikali ya Kinshasa iliikataza. Waziri wa habari, Lambert Mende, alisema filamu inalenga kulichafua jeshi la taifa, na kwamba maneno ya wanawake hao, waliosema kwa lugha zao, yalitafsiriwa vibaya kwa Kifaransa. Kelele zikapanda nchini na nje. Mwezi wa kumi marufuku ikaondolewa. Miaka 3 baadaye Daktari Mukwege alipewa tuzo ya Nobel ya amani pamoja na Nadia Murad.

Nairobi walitaka kubadilisha mwisho. Kinshasa walibishia tafsiri. Lakini mama wa Bukavu, wa Kalehe au wa Idjwi hahitaji maandishi ya Kifaransa chini ya picha. Angesikiliza mwenyewe na kujua kilichosemwa. Hao ndio waliokuwa na uwezo wa kupima madai ya waziri, na hao ndio walionyimwa kuona.

Kabla ya kamera, kazi hiyo ilianza na redio. Mwaka 2003 waandishi wanawake wa Bukavu, Chouchou Namegabe akiwa mstari wa mbele, walianzisha chama cha AFEM. Waliwapa kipaza sauti wamama waliobakwa, wakati neno lenyewe lilikuwa aibu kutamkwa hewani. Baadaye zikaja filamu nyingine. City of Joy, ya Madeleine Gavin, ilipigwa Bukavu katika kituo kilichofunguliwa mwaka 2011, ambako wanawake walionusurika wanajifunza kuongoza wenzao. Maman Colonelle, ya Mkongomani Dieudo Hamadi, ya mwaka 2017, inamfuata polisi Honorine Munyole, aliyefanya kazi Bukavu miaka mingi kisha akahamishiwa Kisangani kulinda wamama na watoto. Katika filamu hizo mwanamke haishii kwenye kilio. Anasimama, anafanya kazi, anatoa amri.

Filamu za Bukavu na ile ya Nairobi hazifanani kwa kila kitu. Waumini wengi wa Idjwi, Wakatoliki na Waprotestanti, wataona kwamba mapenzi ya Kena na Ziki ni dhambi, na Katiba ya Congo ya 2006, kifungu cha 40, inataja ndoa ya watu wa jinsia tofauti tu. Hawatabadilika kwa sababu ya filamu. Lakini swali ambalo Rafiki inauliza linamhusu hata asiyekubali: umati unaompiga binti wa jirani unapata wapi ruhusa? Na mzazi anayemfukuza mtoto wake usiku, anampeleka kwa nani?

Familia zilizokimbia vita Masisi, Kalehe na Bukavu zinalijua swali hilo kwa mwili. Katika nyumba ya mgeni, au chini ya hema, binti asiye na ndugu karibu yuko mikononi mwa majirani. Binti ambaye watu wameanza kumnong'ona yuko katika hatari mara mbili: hana kwao, na pale alipofikia hana wa kumtetea. Anyango na Sanyu, Kena na Ziki, walitenganishwa na mdomo wa mtaa, si na bunduki. Lakini anayepanda mashua akiwa na mfuko mmoja hauoni utofauti mkubwa.

Rafiki na filamu ya Panzi zilikatazwa, na zote mbili zinaendelea kutazamwa. Ziki alirudi. Wamama wa Panzi walisikika kwa lugha zao. Marufuku ilichelewesha watu kuona, haikubadilisha kilichosemwa.